Shajara ya mradi: maneno ya Kiingereza tunayoyatupa yote kwenye "ajabu"

Februari 3

Tumeanza rasmi. Kikundi chetu ni cha wafasiri na wahariri wachache, baadhi wapo Dar es Salaam, wengine Mombasa, na mwenzetu mmoja yuko Muscat. Kazi tuliyojipa ni mwongozo wa kurasa chache kuhusu maneno ya Kiingereza yanayotaja mambo yaliyo nje ya kawaida: strange, odd, weird, peculiar, uncanny, eerie, quaint, bizarre, eccentric, outlandish, curious, funny, queer. Mfasiri wa Kiswahili akikutana na lolote kati ya hayo, mkono huenda wenyewe kwenye "ajabu". Akiona amelirudia mno, huandika "kisicho cha kawaida". Riwaya inaisha, na msomaji hajajua kwamba mwandishi alitumia maneno manane tofauti kwa sababu alikuwa na mambo manane tofauti ya kusema.

"Ajabu" halina ubaya. Shida ni kwamba limebeba sifa ndani yake. Ukisema binti yule ana sauti ya ajabu, msikilizaji anangoja kusikia alivyoimba. Maajabu ya Mwenyezi Mungu ni ya kusifiwa. Sasa chukua neno kama "weird", ambalo aghalabu halisifu chochote, ulivike "ajabu": umempa mhusika pongezi ambayo hakupewa na aliyemwandika.

Tumekubaliana jambo moja la msingi kabla ya kuandika kidahizo hata kimoja, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa. Hatutayapanga maneno haya kwa ukali, kwamba hili ni ajabu kidogo na lile ni ajabu kupindukia. Kamusi nyingi hufanya hivyo, na ndiyo sababu hazimsaidii mfasiri. Kwa kila neno tutauliza: kawaida iliyovunjwa ni ya nani, imevunjwa kwa namna gani, na anayesema anajisikiaje? Majibu yakipatikana, Kiswahili kina maneno ya kutosha. Tena kina mengi yaliyo hai midomoni mwa watu ambayo hayajawahi kuingia kwenye tafsiri.

Februari 11

Strange. Tumeanza nalo kwa sababu ndilo pana kuliko yote, na mara nyingi linaweza kukaa mahali pa mengine bila sentensi kuvunjika. Limepitia Kifaransa cha kale, "estrange", likitoka kwenye Kilatini "extraneus", yaani wa nje. Maana hiyo ya nje ndiyo moyo wake mpaka leo: kitu kiko nje ya ujuzi wa anayesema, ingawa kwa wenyewe kinaweza kuwa cha kila siku. Mwandishi anayesema "I slept in a strange bed" hajalala kwenye kitanda chenye miujiza. Amelala kitanda cha ugenini. "A strange town" ni mji ambao msafiri hajawahi kuufika. Nimewahi kupitia hadithi iliyotafsiriwa ambamo mama anamuonya mtoto asipande gari la "mtu wa ajabu". Msomaji mdogo atawaza mtu mwenye pembe, wakati mama alimaanisha mtu asiyemjua, ambaye huenda amevaa suti na anatabasamu. Onyo limepotea, na ni onyo lililohusu usalama wa mtoto.

Waliotafsiri Biblia waliliona hili zamani. Zaburi ya 137 katika Kiingereza cha mwaka 1611 inauliza wimbo wa Bwana utaimbwaje "in a strange land". Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya mwaka 1952, inasema "katika nchi ya ugeni". Waliokuwa mateka kule Babeli hawakuwa wakistaajabia mandhari. Walikuwa mbali na kwao.

Kwa hiyo kidahizo kitakuwa na maana mbili, na ya kwanza itakuwa hii: -geni, ugenini, asiyefahamika. Maana ya pili, ya jambo ambalo akili inalizunguka bila kupata pa kulishika, itafuata baadaye, kwa mapendekezo kama "isiyoeleweka" na "cha kushangaza".

Mwenzetu wa Muscat ameuliza kwa nini tusitumie "kigeni" kwa maana zote mbili, kama Kiingereza kinavyotumia neno moja. Tumelijadili kwa muda mrefu na nadhani jibu ni zuri kuliko swali lenyewe. Kiingereza kilimchukua mtu wa nje kikamgeuza kioja, tena zaidi ya mara moja. "Outlandish" nalo lilikuwa na maana ya kutoka nchi nyingine tu, tangu Kiingereza cha kale, na leo linasemwa kwa vazi au hoja iliyopitiliza hadi watu wanatazamana. Mzizi wetu wa -geni haukufuata njia hiyo. Mgeni kwetu ni wa kukaribishwa, "mgeni njoo mwenyeji apone", na hata anayekaa mno anapewa jembe, yaani anaingizwa kwenye kazi za nyumbani. Tabia ya kigeni kwa Mswahili ni tabia iliyotoka ng'ambo. Anaweza kuipenda au kuichukia, lakini anajua ilikotoka. "Strange" kwa maana yake ya pili ni pale ambapo hujui kitu kimetoka wapi.

Niongeze jambo la kisayansi kwa sababu wafasiri wa vitabu vya shule watalihitaji. Mwaka 1947 George Rochester na Clifford Butler, wakiwa Manchester, walipiga picha za nyayo za chembe zilizotokana na miale ya angani. Chembe za aina hiyo zilizaliwa kwa haraka mno lakini zikachelewa kufa kuliko hesabu ilivyotarajia. Mwaka 1953 Murray Gell-Mann, na kwa upande wake Kazuhiko Nishijima wa Japani, walieleza ucheleweshaji huo kwa sifa mpya, na Gell-Mann akaiita "strangeness". Maelezo yalipatikana, jina likabaki. Kwa hiyo katika fizikia "strange" ni jina la aina ya kwaki, chembe ndogo za msingi za maada, na halimshangazi mtu tena. Pendekezo letu ni kuliacha kama istilahi, "kwaki strenji", kuliko kuandika "kwaki ya ajabu" na kumfanya mwanafunzi adhani kwaki nyingine ni za kawaida zaidi yake.

Februari 19

Odd. Neno hili limenipendeza kuliko nilivyotarajia. Asili yake ni lugha ya kale ya Skandinavia, "oddi", ncha ya nchi kavu iliyochomoza majini. Kutoka ncha likawa pembetatu, kutoka pembetatu likawa idadi ya tatu, na mtu wa tatu ambaye kura yake huamua wawili wanapogongana. Hapo ndipo zilipotoka "odd numbers", ambazo sisi tunaziita namba witiri, kinyume cha shufwa. Waislamu wanaosali witri baada ya isha wanaijua fikra hii kwa miili yao: rakaa zinaishia kwenye idadi isiyogawanyika kwa mbili, moja inabaki peke yake.

Kubaki peke yake ndiko kunakoeleza matumizi yote. "Odd socks" ni soksi ambazo kila moja imempoteza pacha wake. "Fifty-odd" ni hamsini na ushee. "Odd jobs" ni vibarua vya hapa na pale, visivyounda kazi moja. Anayevuta "the odd cigarette" anavuta moja moja, kwa nadra. Sigara yenyewe haina tatizo. Na "odd" kwa maana ya kushangaza ni jambo lisilopata mwenzake katika yanayolizunguka. Mlango ulifungwa jana, leo uko wazi, na hakuna aliyelala humo. "That's odd", anasema Mwingereza, bila hofu wala hisia kubwa. Ameona tu hesabu haijakaa sawa.

Kiswahili cha watu kina jibu kamili la hilo: "Kulikoni?" Au "Mbona hivi?" Nimependekeza mwongozo uruhusu waziwazi kutafsiri kivumishi kwa swali pale ambapo ni maneno ya mhusika. Mhariri wetu wa Mombasa ana wasiwasi kwamba wafasiri wapya watapitiliza. Namwelewa, lakini "Hiyo ni odd" haiwezi kuwa "Hilo ni la ajabu" kwenye kinywa cha mtu anayetafuta funguo zake.

Februari 27

Peculiar. Rasimu imekwisha leo.

Mzizi wake ni mali. Kilatini "peculium" ilikuwa mali ambayo mtumwa, au mwana aliye chini ya mamlaka ya babaye, aliruhusiwa kuishika kama yake. Na nyuma yake kuna "pecus", mifugo. Kwa hiyo "peculiar" kwanza ni cha mtu huyo, si cha mwingine. Ndiyo maana Petro wa kwanza, sura ya 2 aya ya 9, katika Kiingereza cha 1611 anawaita waumini "a peculiar people", na Union Version yetu inasema "watu wa milki ya Mungu". Msomaji wa leo anayejua Kiingereza cha mitaani tu husoma aya ile akadhani waumini wanaambiwa ni watu wenye vituko. Milki ndiyo tafsiri sahihi, na imekaa kwenye Biblia zetu miaka yote hii.

Maana hiyo haijafa. Westminster Abbey mpaka leo ni "Royal Peculiar", kanisa lililo chini ya mfalme moja kwa moja, nje ya mamlaka ya askofu wa London. Na "peculiar to" katika vitabu vya sayansi ni "anapatikana huko tu": kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu wa msitu wa Jozani, ni "peculiar to" Zanzibar. Hapo andika "wa Zanzibar pekee" na usiguse ajabu kabisa.

Hata pale neno linapokuwa na maana ya kushangaza, umiliki unabaki chini yake. "A peculiar smell" ni harufu ya aina yake, ambayo ukiinusa tena mwaka ujao utaitambua. "He is a peculiar man": yule bwana ana yake. Au "ana mambo yake". Nashangaa sijawahi kuona "ana mambo yake" kwenye tafsiri ya kuchapishwa, wakati kila siku tunasema hivyo barazani, kwa sauti ileile ya nusu kulaumu na nusu kumwachia mtu maisha yake.

Machi 6

Leo tulifanya zoezi la sentensi moja. Tulichagua mteja aliyempelekea fundi gari, anayesema injini inatoa "a ... noise", kisha tukabadilisha kivumishi tu na kila mtu akaandika Kiswahili chake kabla ya kuonana na wenzake.

"Strange": unatoka mlio sijawahi kuusikia. "Odd": kuna mlio haupaswi kuwepo, mbona unalia hivi? "Peculiar": una mlio wake, ukiusikia utaujua. "Weird": mlio wenyewe hata sijui nikuelezeje. "Funny": inalia sivyo. Hili la mwisho liliandikwa na watu wawili bila kuambizana, na nafikiri ni zuri kwa sababu "funny" ya aina hii ndivyo inavyosemwa: kwa wepesi, na mtu tayari anashuku kuna kilichoharibika. Maziwa yenye "funny smell" yananuka sivyo, yameanza kuchacha. "Funny business" ni mchezo unaochezwa chini kwa chini. Waingereza wenyewe huulizana kama mtu amemaanisha "funny" ya kuchekesha au "funny" ya kutia shaka, kwa hiyo mfasiri asione haya kusoma aya nzima kabla ya kuamua.

"Bizarre" ilimfanya kila mmoja aandike kitu cha kuchekesha kidogo: injini inalia kama paka. Na hivyo ndivyo ilivyo. "Bizarre" linataka kioja, jambo ambalo vipande vyake havikupaswa kukutana. "Eerie" na "uncanny" zilikataa kabisa kukaa kwenye gereji. Mwenzetu mmoja alisema "eerie" ingewezekana kama gari lingekuwa limeegeshwa usiku, limezimwa, na hakuna mtu ndani. Ni kweli. Neno lilihitaji mahali na saa kabla ya kukubali kutumika.

Zoezi hili litaingia kwenye mwongozo kama lilivyo.

Machi 15

Weird. Kidahizo kigumu, kwa kuwa neno lina maisha mawili na matini tunazotafsiri zina yote mawili.

Katika Kiingereza cha kale "wyrd" ilikuwa nomino: majaliwa, yale yaliyopangwa yampate mtu. Uskoti walilihifadhi neno hili baada ya Uingereza kuanza kulisahau, na kwa Waskoti "weird sisters" walikuwa wanawake wanaoshika majaliwa ya watu. Shakespeare aliwapata katika historia iliyoandikwa na Holinshed, akawaingiza kwenye tamthilia ya Macbeth mwanzoni mwa karne ya 17. Katika chapa ya mwaka 1623 neno liliandikwa "weyward" na "weyard", ishara kwamba hata wachapaji wa London hawakuwa na mazoea nalo; mhariri Lewis Theobald ndiye aliyelirudisha kuwa "weird" mwaka 1733. Watazamaji wakawaona wale wanawake watatu ukunguni, wenye ndevu na wanaotoweka, na neno likaanza kuhama kutoka majaliwa yao kwenda kwenye sura zao. Washairi wa mwanzo wa karne ya 19, Shelley akiwemo, walilitumia kwa kitu kisicho cha dunia hii. Karne ya 20 ikalishusha hadi kwenye simu inayojizima.

Kiswahili kina neno lililopita njia inayokaribiana na hiyo. "Ajali" asili yake katika Kiarabu ni muda uliokadiriwa, mwisho wa mtu ulioandikwa. "Ajali haina kinga" bado ina harufu ya maana ile. Lakini magazeti yakisema ajali, ni basi na lori. Kudra imegeuka tukio.

Uamuzi: matini ya kabla ya karne ya 19, na hadithi za kutisha hadi leo, tunapendekeza familia ya majaliwa na mauzauza. "Mauzauza" ni neno ambalo naliombea nafasi kubwa zaidi. Mtu aliyeona mauzauza hajui kama macho yamemdanganya au dunia ndiyo imegeuka, na hiyo ndiyo "weird" ya zamani. Kwa mazungumzo ya leo, "weird" inayotolewa na kijana kila baada ya sentensi mbili, tumekubali "haieleweki", "siielewi kabisa", na kwa jambo linalotia shaka, "hii si bure". Hii "si bure" ni hazina: mtu bado hajajua sababu, lakini anakataa katakata kwamba haipo.

Machi 24

Eerie, kisha uncanny. Tumezipa siku yake kwa sababu ndizo zinazochanganywa kuliko nyingine na ndizo zinazoharibu zaidi hadithi zikikosewa.

"Eerie" ni neno la kaskazini ya Uingereza na Uskoti, na mwanzoni lilimtaja mtu mwoga, si kitu kinachotisha. Baadaye woga ukahama kutoka kwenye kifua cha mtu ukakaa mahali. Mpaka leo ni neno la mahali, la kimya, la mwanga hafifu. Haliwezi kusemwa na mtu ambaye mwili wake haujashtuka. Kwa hiyo tafsiri nzuri huipata kwenye mwili: mwili ulinisisimka, nywele zilisimama, kimya kilikuwa kizito. Na kwa mahali, pwani tuna maneno mawili ambayo sijaona lugha nyingine ikiyashinda: "pana wenyewe", yaani pana wakazi wasioonekana. Wageni wanaoandika kwa Kiingereza kuhusu magofu ya Gede, mji uliohamwa karne ya 17 karibu na Watamu, hupenda kuuita "eerie", na ukisimama kati ya zile kuta za mawe ya matumbawe, mizizi imekumbatia mihrabu, utawaelewa. Mtu wa pale anaweza kukuambia kwa sauti ya chini kwamba pana wenyewe. Kwa mtazamo wangu hiyo ni zaidi ya tafsiri. "Eerie" inaeleza hisia na kuiacha hewani, "pana wenyewe" inakutajia chanzo. Ndiyo maana tumeweka tahadhari: usiitumie pale mwandishi anapotaka chanzo kisijulikane.

"Uncanny" ni jambo jingine kabisa. Lilitoka Uskoti pia, na ndani yake kuna "can" ya zamani yenye maana ya kujua. "Canny" ni mwenye busara, mwangalifu, wa kuaminika. "Uncanny" alikuwa mtu asiyefaa kuaminiwa, anayedhaniwa ana mkono na nguvu zilizofichika. Kisha mwaka 1919 Sigmund Freud aliandika insha juu ya neno la Kijerumani "unheimlich", ambalo kwa Kiingereza lilitafsiriwa kwa "uncanny", na tangu hapo maana imejikaza mahali pamoja: kitu unachokijua, cha nyumbani kabisa, kinapogeuka kuwa kigeni bila kuondoka mahali pake. Mwanasesere aliyegeuza shingo. Sauti ya marehemu kwenye simu. Uso wako kwenye kioo cha gari usioutambua kwa sekunde moja.

Angalia basi jinsi lilivyo kinyume cha "strange". "Strange" imetoka nje ikaingia. "Uncanny" ilikuwa ndani siku zote. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja mfasiri akibebe kutoka kwenye mwongozo wetu mzima, nitataja hiki.

Matumizi mepesi yana majibu mepesi. "Uncanny resemblance": wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na ukitaka kurudisha ule ubaridi, wamefanana hadi inatisha. Mtu mwenye "an uncanny knack" ya kubashiri matokeo ya mpira: utadhani amepiga ramli.

Kinachobaki kigumu ni "uncanny valley". Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza kwamba roboti inavyozidi kufanana na binadamu ndivyo tunavyozidi kuipenda, hadi inapokaribia kufanana kabisa. Hapo mapenzi yanaporomoka ghafla, kisha yanapanda tena mfanano ukikamilika. Mporomoko huo kwenye grafu ndio bonde lenyewe. Mfano wake mmoja ni mkono wa bandia: kwa macho ni mkono halisi, lakini ukipewa uushike unakuta ni baridi na hauna mfupa, unashtuka. Leo kila anayetafsiri habari za sura zinazotengenezwa na kompyuta analikuta neno hili. "Bonde la ajabu" halifai, kwa sababu linasikika kama kivutio cha watalii. Tumependekeza "bonde la mauzauza", na kuna mwingine anapigania "bonde la mfanano tata". La kwanza lina mwili, la pili lina usahihi. Halijaamuliwa.

Aprili 2

Quaint. Neno dogo, lakini limetuletea mjadala mkali kuliko yote.

Safari yake imepinduka kabisa. Linatokana na Kilatini "cognitus", yaani kinachojulikana, likapita Kifaransa cha kale likiwa na maana ya mtu mjuzi, hodari, kisha kitu kilichotengenezwa kwa ustadi. Leo ni kitu cha kizamani kidogo chenye kupendeza machoni. Tatizo ni hayo macho ni ya nani. Vipeperushi vya utalii vya Kiingereza vinapenda kuviita vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe "quaint". Anayeishi Lamu, anayepita kichochoro kile kwenda sokoni na kurudi na samaki, hakioni hivyo. Kwake ni njia. Punda anapita, jirani anasalimiwa, maji ya mvua yanajaa.

Wenzangu wengine wanataka pendekezo la moja kwa moja, "vya kizamani vyenye haiba", na litawekwa. Mimi nimesisitiza liongezwe onyo, na nimefurahi limekubaliwa: matini inapotafsiriwa kwa ajili ya wenyeji wenyewe, mfasiri amuulize mteja kama kweli anataka kuwaambia watu kwamba nyumba zao ni za kupendeza kwa ukale wake. Kibao cha manispaa ya mji hakiwezi kuongea kwa sauti ya mgeni aliyeshuka boti asubuhi. Kwenye riwaya ni tofauti. Kama mhusika ni mtalii, mwache aone anavyoona.

Aprili 10

Yaliyobaki, kwa haraka kiasi.

"Eccentric" kilikuwa kitu cha wanajimu: duara ambalo kitovu chake si pale unapotarajia. Bado kiko hivyo kwenye hesabu za mizunguko ya sayari. Mzunguko wa Dunia kulizunguka Jua una eksentrisiti ya karibu 0.017, yaani unakaribia duara kamili, na wa nyota-mkia ya Halley ni karibu 0.97, mrefu mno. Kwa mtu, ni yule ambaye maisha yake yanazunguka kitovu chake mwenyewe. Kiingereza kina kawaida ya kulitumia kwa upole, hasa kwa wenye fedha. Mwaka 1859 John Stuart Mill aliandika kwamba uchache wa watu wanaothubutu kuwa "eccentric" ndio hatari kuu ya zama zake. Kwa hiyo "mwenda wazimu" hapana, na "mtu wa vituko" ni kali kidogo. "Ana yake" inatosha tena hapa.

"Curious" ina mzizi wa kujali, na inapotaja kitu maana yake ni kinachokufanya usogee ukitazame vizuri: "cha kudadisiwa" ni zito, "kinachovuta macho" linakaa vizuri zaidi. "Curiously enough", pamoja na "oddly enough" na "strangely enough", zote zinaishia kwenye "ajabu ni kwamba", na hapo sina pingamizi, kwa kuwa hata Kiingereza hakizitofautishi sana.

"Queer" inahitaji tarehe kabla ya tafsiri. Kwenye vitabu vya zamani, vikiwemo vya kusomea tulivyorithi shuleni, ni "isiyo ya kawaida" au "kujisikia vibaya" tu, "I feel queer" ikiwa kizunguzungu au kichefuchefu. Katika karne ya 20 likawa tusi kwa mashoga, na kuanzia miaka ya mwisho ya 1980 waliotukanwa nalo wakalichukua wenyewe kama jina lao. Kikundi cha Queer Nation kilianzishwa New York mwaka 1990. Mfasiri aangalie mwaka wa matini, aangalie na nani anasema. Tusi litafsiriwe kama tusi na jina la kujitambulisha liachwe na heshima yake.

Aprili 18

Rasimu yote imekwenda kwa wasomaji wa majaribio: walimu wa Kiingereza wa sekondari, mwandishi wa manukuu ya filamu na mhariri wa vitabu vya watoto. Tumewaomba wasitusifu, watuletee sentensi zinazotushinda. Ya kwanza imefika leo kutoka kwa mwandishi wa manukuu, naye ana nafasi ya herufi chache tu kwenye skrini: msichana anaingia chumba cha marehemu nyanya yake, kila kitu kiko kama kilivyoachwa, saa bado inatembea, naye anasema neno moja, "Weird."

Mapendekezo matatu yako mezani. "Mauzauza" ni nzito kuliko sauti yake. "Haieleweki" ni kavu. "Si bure" inamfanya ashuku, wakati uso wake hauonyeshi shaka, unaonyesha ameguswa. Mwenzetu wa Mombasa ameandika "Mh!" tu, akaishia hapo, na kadiri ninavyokitazama kipande kile cha filamu ndivyo ninavyoelekea upande wake. Tunajibu kesho, na kidahizo cha "weird" kitaongezwa maana ya tatu.